Pua ya Nyumba

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni kwamba uzuri wa nje haukwambii lolote kuhusu hali ya wanaokaa ndani. Watu wengi huutumia msemo huu wakati wa posa, wanapochunguza wachumba. Lakini huko Mapinga, kwenye barabara ya Bagamoyo, ulitimia kwa nyumba yenyewe, ya matofali, na almanusura itoke maiti humo.

Adila, binti wa Bi Biubwa, alikuwa akisomea usanifu wa majengo chuoni Dar es Salaam. Kazi yake ya mwaka wa mwisho ilikuwa kubuni nyumba inayompa mtu siha bila kuharibu mazingira. Wenzake walichora kwenye karatasi wakaishia hapo. Yeye alitaka nyumba isimame, na akaisimamisha katika kiwanja cha mama yake. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa, cha matofali ya udongo wa palepale, yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, kwa kuwa tanuri la matofali hula miti. Maji ya mvua yalishuka kutoka kwenye bati mpaka kwenye tangi. Chini ya bati alipiga dari ya mbao, ikabana vizuri. Kuta tatu aliziacha bila dirisha. Ukuta wa mbele, unaotazama njia, aliutoboa matundu mengi yaliyopangwa kama ukili wa mkeka uliosukwa, na katikati akatia mlango wa nakshi uliochongwa na seremala wa Mji Mkongwe. Mlango ule ulipendeza kama bibi harusi aliyetiwa hina.

"Matundu haya ndiyo pua ya nyumba, mama," alisema Adila. "Upepo unaingia hapa. Feni ya nini tena?"

Bi Biubwa, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, aliuzunguka ukuta ule akiwa ameshika kiuno. "Upepo nauona. Na macho ya watu je?"

"Macho gani?"

"Ya wapita njia. Mwanamke atavulia nguo wapi humu?"

Adila alicheka. "Mama nawe. Nani siku hizi ana muda wa kuchungulia?"

Moyo wa mama haukutulia. Hofu ya mama haina shule, huja yenyewe.

Haukupita muda mrefu, Sabiha, dada yake Adila, akaja kujifungulia mimba yake ya kwanza kwa mama, kama ilivyo ada. Mumewe alikuwa kazini Tanga. Alipojifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la Amin, na mama na mwana wakawekwa katika nyumba mpya kwa kuwa ilikuwa safi na pana. Siku ileile Sabiha akaanza kutundika khanga kwenye matundu. Mzazi yuko kwenye arobaini, ananyonyesha, anakandwa; hawezi kukaa kama bidhaa dukani. Uso wa nyumba ukawa kama kamba ya kufulia.

Adila alipopata habari kwamba walimu wake wanakuja kuikagua kazi, alirudi nyumbani mbio. Akaziondoa khanga zote. Kisha, kwa upande wa ndani, akagongomea nailoni nyeusi nzito kutoka pembe hadi pembe, bila kuacha upenyo.

"Haya," alisema, akijipangusa jasho. "Wa nje wataona matundu, na wewe dada hutaonekana. Kila mtu kapata haki yake."

"Na upepo nao?" Sabiha aliuliza.

"Vumilia, dada. Wakishaondoka nabandua."

Bi Biubwa alisimama mlangoni akaona chumba kimekuwa kizito. Alijiona kama mtu aliyefunikwa mto usoni, ila akarudi zake uani. Msomi alikuwa bintiye.

Masika yalikuwa yamekolea. Mvua ilipiga usiku kucha, na asubuhi ya ukaguzi kulikuwa na ubaridi. Kwa watu wa pwani mzazi hapigwi na baridi, kwa hiyo Bi Biubwa aliingiza jiko la mkaa chumbani, la kuchemshia maji ya kumkandia mwanawe na kufukiza ubani kwenye nguo za mtoto. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, tena na mama yake mzazi. Lakini yeye aliuguzwa katika nyumba ya makuti, ambamo moshi na hewa hujitafutia njia. Hilo halikumjia akilini.

"Mama, kichwa kinanigonga," Sabiha alilalamika. "Na moyo unanichafuka."

"Baridi ya uzazi hiyo, mwanangu. Imekupata." Akaongeza mkaa, akauacha umekolea, akaenda jikoni uani kupika uji wa pilipili manga.

Uji ulipoiva, wageni walikuwa wameshafika. Mwalimu Muhidini na wenzake wawili walisimama barazani kujikinga na manyunyu, Adila akiwaeleza habari za udongo na maji. Bi Biubwa alisimama pembeni na bakuli lake. Hakuweza kukatiza mbele ya wageni.

"Kwa mlango huu, Adila, hata mwizi atabisha hodi," alisema Mwalimu Muhidini, na wote wakacheka. "Ndani je, tunaweza kuona?"

"Kuna mzazi, mwalimu. Hajatimiza arobaini."

"Basi tumstahi. Simama hapo mlangoni tukupige picha."

Bi Biubwa hakucheka. Alikuwa ametega sikio. Saa kama hizo mjukuu wake hulia, na kilio chake hufika barabarani. Sasa kimya. Alijiambia kwamba mtoto amelala. Akajiambia tena.

"Sabiha," aliita kwa sauti ndogo.

Hapakuwa na jibu.

"Mama, ngoja kidogo," Adila alinong'ona, tabasamu lake bado likiielekea kamera. "Picha mbili tu."

Mama alingoja. Aibu ya wageni ilimshika mguu mmoja, hofu ikamvuta mwingine. Mwishowe bakuli likamponyoka, uji ukasambaa barazani, naye akaurukia mlango. Haukufunguka. Sabiha alikuwa ameutia komeo kwa kuwaona haya wageni.

"Sabiha, fungua. Fungua, mwanangu."

Hapo rangi ilimtoka Adila. Alikimbia uani, akarudi na mchi wa kinu, akaupiga ukuta wake mwenyewe. Matofali aliyoyapanga kwa mkono yakaporomoka moja baada ya jingine. Akaichana nailoni kwa kucha, na joto likamfuka usoni kama la chungu kilichofunuliwa. Ndani, jicho jekundu la mkaa lilikuwa linawaka. Sabiha alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mkono ameunyoosha kuelekea kwa mtoto bila kumfikia. Amin alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa.

Adila aliingia, akampitisha mtoto kwenye tundu la ukuta. Bi Biubwa akampokea, akasimama naye kwenye mvua akimwita jina. Manyunyu yalimpiga mtoto usoni. Hakujibu. Akamwita tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka. Ndipo mtoto akatoa sauti nyembamba, kama ya paka mchanga.

Walimu walimtoa Sabiha kupitia tundu hilohilo, na mama na mwana wakapelekwa hospitali kwa gari lao, wakawekewa hewa ya mitungi. Daktari aliwaeleza kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na kuumwa kichwa ndiyo hodi yake. Walipona, kwa uwezo wa Mungu, ingawa Sabiha hadi leo akisikia harufu ya mkaa hutoka nje.

Mwalimu Muhidini alimwuliza Adila angejipa alama gani.

"Sijui, mwalimu," alijibu. "Sijawahi kukaa humo hata siku moja. Nimeijua kwa nje tu."

Basi nyinyi mnaochora nyumba, waulizeni kwanza watakaolala humo, wanaoga vipi, wanapika vipi, wanauguzana vipi. Nanyi akina mama, msimwekee mzazi jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha namna gani. Walimu watatu waliusifu mlango ule, na nyuma yake roho mbili zilikuwa zinatoka. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.