Hunedi Mfua Shaba na Pete ya Sultani Ghalibu

Katika mji wa Zarkanda alitawala Sultani Ghalibu, na zama zake alizuka jini ambaye kila aliyesikia sauti yake aligeuka mtumwa wake, na majemadari waliokwenda kumpiga wakarudi wamembebea mizigo. Ndipo Hunedi mfua shaba, kiziwi tangu kuzaliwa, akamwendea pangoni, na jini akamwimbia na kumbembeleza mpaka akachoka, na Hunedi akamtia mtungini na kuziba kifuniko kwa shaba ya moto. Mtungi ukawekwa chini ya karakana yake, na kila asubuhi aliteremka peke yake kuziba nyufa mpya, maana jini hakuacha kusukuma.

Sifa zake zikavuma, na wafalme wa jirani wakaomba kuja kumwona. Hapo Sultani akaona haya. Badala ya fahari, haya!

"Shujaa wa Zarkanda atakuwaje kiziwi?" akamwambia waziri. "Pete yangu ya kutimiza haja imebakiwa na haja moja; nitamtolea hiyo apate kusikia, kisha nitamwoza binti yangu."

Hunedi akaletwa, na dada yake Salha akamweleza kwa ishara, naye akapunga mikono kwa nguvu, na baraza zima likashangilia likidhani anashukuru.

"Ewe Maulana," akasema Salha, "ndugu yangu anakataa. Anasema uziwi wake ndio lango la mji huu."

Waziri akacheka, akasema hajapata kuona mgonjwa anayekataa dawa. Sultani akaisugua pete, na Hunedi akasikia, na jioni ile akaozwa kwa ngoma zilizomtoa machozi, na wale wajinga wakayaita machozi ya furaha.

Kulipokucha, nyufa zilikuwa zinamngoja, na hapakuwa na mwingine wa kuziziba. Akajaza pamba masikioni akateremka, na pamba haikufaa kitu. Jini hakuimba safari hii. Alimwita jina lake kwa upole, jambo ambalo kasrini hakuna aliyelifanya, na mkono wa Hunedi ukafungua kifuniko. Ilipofika adhuhuri, Sultani mwenyewe alikuwa amembeba jini mgongoni.

Watu wa Zarkanda wakawafundisha watoto wao, waliozaliwa utumwani, kwamba mji uliponzwa na kiziwi. Salha alizeeka akiwaambia kuwa siku ile ndugu yake alikuwa anasikia, na hakuna aliyemsikiliza. Haya basi, mwenye kutaka kumfutia mwenzake aibu, na aulize kwanza aibu hiyo ni ya nani.