Mashavu ya Tumbili

Mwaka jana niliapa sitoi mfano tena hapa kanisani, maana mkishavuka mlango ule kila mtu anatafuta jirani wa kumvika mfano huo. Leo mchungaji koo limemkauka, eti, "Bibi, wasimulie." Haya. Sitarefusha, mgongo unaniuma.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyebakiwa na debe moja tu la mbegu za karanga. Akazipanda zote. Asubuhi ya pili akakuta nusu ya shamba imefukuliwa, na juu ya kichuguu chiriku anaimba, kifua kimemtuna. Mjane hakuuliza mara mbili. Akamnasa kwa ulimbo, akambandua kwa hasira hata bawa likavunjika.

"Mwizi we! Unaniimbia njaa yangu?"

"Mama, hebu utazame mdomo wangu," chiriku akasema. "Karanga ingepita wapi?"

Mjane hakutazama. Kidole kilikwisha fika shingoni. Ukingoni mwa shamba alikaa tumbili, mikono magotini, mpole kama mzee wa kanisa.

"Mjomba, mwizi si ndiye huyu?"

Tumbili akaitikia kwa kichwa.

"Ulimwona kwa macho yako?"

Akaitikia tena. Mjane akaipenda adabu ile. Huyu hana maneno, akawaza, si kama huyu wa kelele tangu alfajiri.

"Basi sema 'Haki ya Mungu,' nimnyonge nirudi nyumbani."

Tumbili akatazama mbinguni.

"Sema, mjomba! Maneno matatu tu yanakushinda?"

Tumbili akafumbua mdomo kidogo. Ikadondoka karanga moja, ikafuata ya pili, kisha shavu zima likamwagika miguuni pa mjane.

Mnacheka. Mnamcheka nani? Hapa kwetu kikipotea kitu, anashikwa nani kwanza, si yule anayesikika? Na sisi tunaokaa kimya mwenzetu akikabwa, kimya chetu ni upole, au ni mashavu? Tusiitane wapole kabla hatujafumbua midomo.

Chiriku aliachiwa, bawa likining'inia. Hilo hakuna aliyelilipa. Tumbili yeye alifungwa kamba kiunoni, akalinda shamba lile mpaka mavuno, akiwafukuza shangazi zake mwenyewe kwa makelele, na karanga zilipochemshwa akatupiwa maganda.