Gitaa Lililovalishwa Nailoni

Vijana wa kwaya, wekeni magitaa chini kidogo. Na wewe wa besi pia. Leo habari yenyewe ni ya gitaa, na sitaki mtu anisindikize kwa nyuzi wakati naongea. Na najua mmeshangaa kwa nini wimbo wa kutokea tumeuimba kabla ya mahubiri. Mzee Ambakisye ameniangalia tangu tulipoanza kama mtu aliyeibiwa viatu. Vumilieni, mtaelewa.

Kulikuwa na mpiga gitaa mmoja. Si wa usharika huu, kwa hiyo acheni kugeuka kutafutana. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, ana kazi yake ya heshima, na tangu ujana wake alikuwa anatamani kitu kimoja tu: gitaa la jazi. Si haya bapa ya dukani. Nasema lile la zamani, walilopigia wazee wetu wa bendi za dansi enzi za suruali za bugaluu. Tumbo lake limeumuka kidogo kama mkate, kingoni jeusi, katikati rangi ya asali, na mlio wake mnene, unakuingia kifuani kabla haujakufika masikioni.

Sasa mjini kwao alikuwepo mama mjane. Marehemu mumewe alipiga gitaa la namna hiyo tangu alipokuwa kijana. Bendi ikafa, wenzake wakafa, akabaki yeye na gitaa, mwisho naye akaenda. Watoto wao wako mbali na hakuna hata mmoja anayejua kupiga. Basi yule mama akamwita mpiga gitaa wetu, akamweka sebuleni, akamtolea chai, akasema:

"Mwanangu, nitakuuzia, na bei haitakusumbua. Lakini nina sharti. Mvua zikikatika tutamjengea mzee kaburi na kumwekea msalaba. Siku hiyo nataka gitaa lake lilie pale pale kaburini. Ule wimbo aliokuwa anaupenda, hata ubeti mmoja tu. Baada ya hapo ni lako, sitakuuliza tena."

"Nitapiga, mama. Nitapiga beti zote!"

"Haya. Na nisikilize vizuri. Hili limezeeka kama mimi, lina maradhi yake. Vitu vyake vyote vimo humo humo kwenye sanduku. Ukiona jambo hulielewi, njoo uniulize."

Mmesikia alivyosema? Njoo uniulize. Hakumficha kwamba lina maradhi. Na mlango wake alimwachia wazi. Lishikeni hilo neno, tutalirudia.

Jamaa akabeba sanduku lake kwa furaha, mtu ungedhani amebeba mtoto wa kwanza. Siku za mwanzo alipiga mpaka mkewe akasahau kupika. Halafu mvua zikaanza, na mnajua mvua za huku kwetu, zikianza zimeanza. Mchana mmoja akaliweka gitaa mapajani karibu na dirisha, akaona kitu.

Gitaa la namna ile lina kibao chembamba cha plastiki, rangi ya asali, kimekaa pembeni mwa nyuzi ili kucha zisikwaruze mbao. Kile kibao kilikuwa kinatoka jasho. Matone madogo, yananata. Na nyuzi zilizopita karibu yake zilikuwa zimeota ukijani, zile za mbali zikiwa safi kabisa. Akasogeza pua. Siki! Gitaa linanuka siki.

Jamani, moyo ulimpasuka. Akalifuta lile jasho, likarudi. Akalifuta tena, likarudi tena. Hebu fikiria mawazo yaliyomjia. Nikimpelekea fundi, ataniambia linakufa. Nikimwambia mama, atasema, mume wangu kakaa nalo maisha yake yote, wewe umekaa nalo mwezi mmoja tu umeshaliharibu, rudisha. Na lile kaburi? Na ule ubeti nilioahidi? Watu wote wale watasimama wananitazama!

Swali kwenu: mtu akiwa na hofu ya namna hiyo anafanya nini?

Anafunga. Alilirudisha gitaa kwenye sanduku, akafunga vibanio. Haikumtosha, akalizungushia blanketi. Haikumtosha, akachukua nailoni, ile nzito inayokuja na godoro jipya, akalivalisha, akazungusha utepe wa gundi mpaka hakuna pa kupitisha sindano. Akalisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani.

Mnacheka. Mnacheka nini? Nani hapa hana kochi lenye nailoni yake tangu siku ya harusi? Rimoti zenu mmezivalisha mifuko. Mama Tumpe ana thermosi ambayo haijawahi kuona chai. Sisi ndivyo tulivyo, tukipenda kitu tunakifungia. Huyu bwana alidhani huo ni upendo na uangalizi. Kumbe ilikuwa hofu tu.

Masika yakaendelea. Siku moja wako mezani wanakula, wakasikia kutoka chumbani: tak! Mkewe akaacha kijiko.

"Baba Tusa, kuna kitu kimelia chumbani."

"Ni bati hilo."

"Bati halilii chini ya kitanda. Halafu chumba kile kinanuka siki, nguo zangu zinanuka siki. Si ulitoe tu tuliangalie?"

Yule mwanaume, mpole, hajawahi kumpandishia mkewe sauti, alipiga meza. "Nimesema ni bati! Na sanduku lile ukiligusa tutagombana mimi na wewe!"

Mama wa watu akaokota kijiko chake. Na mumewe akasukuma sahani pembeni. Maana alijua. Ndugu zangu, alijua vizuri kuliko mkewe. Tangu siku ile akawa anakaa ndani ya nyumba yake mwenyewe akisikiliza. Mvua ikinyamaza kidogo, anatega sikio. Tak. Anajifanya anakohoa ili asisikie. Akiingia chumbani anavaa haraka anatoka. Kitanda chake mwenyewe kikawa kinamtisha.

Jumapili moja yule mama mjane akamkuta mlangoni mwa kanisa.

"Mwanangu, gitaa letu halijambo?"

"Halijambo kabisa, mama! Nimelifungia vizuri, hata hewa hailigusi."

Uso wa mama ukabadilika. "Umelifungia? Hapana, mwanangu, lile halifungwi, subiri kwanza nikuam..."

"Samahani mama, nawahi, kuna mgonjwa nyumbani!"

Akakimbia. Alikuwa anakimbia neno lile lile ambalo lingemponya. Angesimama kidogo tu, muda wa kufunga mwavuli, mfano wangu ungeishia hapa tungeenda zetu kula. Lakini tangu siku ile akawa anakaa benchi la nyuma, na anatoka kabla ya wimbo wa mwisho ili asikutane na yule mama. Simtazami mtu. Nasema tu kwamba watu wa namna hiyo wapo.

Mvua zikakatika. Siku ya msalaba ikafika. Watu wamejaa, akina mama na khanga zao, saruji ya kaburi bado ina unyevu, jua kali. Na yeye huyo anakuja na sanduku, bado lina nailoni yake. Hakulifungua hata asubuhi ile! Njia nzima alikuwa anaomba, midomo inacheza: Ee Mungu, naomba nikifungua nilikute zima, naomba nikifungua nilikute zima. Alikuwa muombaji mzuri sana. Kufungua tu ndiko kulikomshinda.

Mchungaji akasema, sasa tumsikie ndugu yetu na gitaa la marehemu. Akapiga magoti, akachana nailoni. Maji yakachuruzika. Akafungua vibanio, viwili vikakatikia mkononi kwa kutu. Akainua mfuniko, na ile harufu ikapanda, akina mama waliokuwa mbele wakajiziba pua na khanga kama vile kaburi lenyewe limefunguliwa.

Kile kibao cha rangi ya asali hakikuwepo tena, zimebaki chengachenga za kahawia. Chuma kinachoshikilia nyuzi kimeliwa, kimekatika, nyuzi zimejikunja kama nywele zilizoungua. Tumbo la gitaa limeachia ubavuni, limebonyea ndani. Unyevu ulilainisha gundi na siki ikala chuma, vyote viwili vimefungiwa pamoja humo, havina pa kutokea.

Yule mama akaja polepole, akasimama juu yake.

"Uliona lini?"

"Mwanzoni mwa mvua, mama."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Niliogopa."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya shingo ya gitaa, ndani ya sanduku lile lile. Hapo pana kijifuniko kidogo, wapigaji wanawekea nyuzi za akiba. Yule bwana hakuwahi kukiinua. Mama akakiinua. Akatoa kitambaa kilichofungwa, akakifungua mbele ya macho yake. Ndani yake mlikuwa na bisibisi ndogo na kibao cha mninga, kimechongwa, kimepigwa msasa, umbo lile lile la kile cha plastiki.

"Mzee alijua," akasema. "Plastiki hizi za zamani zikichoka zinatoa mvuke mkali, unakula kila kilicho karibu. Ndiyo maana gitaa lilikuwa linatundikwa ukutani, hewa ipite, sandukuni linaingia wakati wa safari tu. Kibao hiki alikichonga akiwa anaumwa. Alipokimaliza mikono haikuwa na nguvu tena ya kukifunga. Nilikuachia wewe. Ni skrubu mbili tu, mwanangu. Unatoa kile, unatupa, unaweka hiki. Hata mimi ningekufungia, ungekuja."

Alilala na dawa yake miezi hiyo yote, wapendwa. Dawa ilikuwa chini ya kitanda, sanduku moja na ugonjwa, na yeye juu yake anatetemeka.

Siku ile waliimba bila gitaa. Mama akakifunga tena kibao chake kwenye kitambaa, akarudi nacho nyumbani. Kibao kizima, kinang'aa, na hakuna tena cha kukifungia.

Sasa tuache gitaa. Naona wengine mnasikitika, mnasema maskini, chombo kizuri kile. Mimi sikuja hapa kulilia mbao. Chini ya kitanda chako wewe kuna nini?

Kuna mama hapa ameshika uvimbe kifuani tangu kabla ya Krismasi, na kila asubuhi anakaza khanga ili asiuguse. Kuna baba anajua mwanawe ameanza kutumia vitu, ameona macho yake, na anasema ni malaria. Kuna mume na mke wamekaa benchi moja leo, wanashirikiana kitabu cha nyimbo, na nyumbani wana mwaka hawajaambiana neno zaidi ya chumvi imekwisha. Kuna mwenye dhambi anayoijua yeye peke yake. Anaifuta, inatoka jasho tena. Tunafanya nini sisi? Tunafunga. Tunaongeza nailoni. Na nailoni yenyewe tumeipa majina mazuri: tunaiita uvumilivu, tunaiita heshima ya nyumba, wengine tuna ujasiri wa kuiita imani! Tunaomba kwa machozi, Bwana, naomba nikifungua nikute pazima. Hatufungui.

Mimi naogopa, jamani. Nawaambieni wazi. Simwogopi shetani kama ninavyoiogopa ile sauti, tak, na sisi tunasema ni bati. Kwa sababu mvua haziwezi kunyesha milele. Siku ya kufungua inakuja, mchana kweupe, watu wamesimama, na siku hiyo hakuna wa kusema nawahi, kuna mgonjwa.

Na kinachonitisha zaidi si maradhi. Mungu wetu hajawahi kusema hatuna maradhi. Alilijua doa kabla hatujaliona sisi, akatuwekea dawa mapema, humo humo tulimo, na akasema njoo uniulize. Mtaniambia, mchungaji, lakini Yeye hata kaburini anafufua. Anafufua, nani anakataa? Lakini kwa nini tumngojee kaburini, wakati alitukaribisha sebuleni?

Basi, leo sitasimama mlangoni kupeana mikono. Nitakaa hapa, benchi hili la mbele, na mama mchungaji atakaa lile pale kwa ajili ya akina mama. Sitakuuliza umefanya nini. Lete sanduku tu, tulifungue pamoja.

Na wewe uliyezoea kutoka kabla ya wimbo wa mwisho, ndugu yangu, nakupenda sana, ndiyo maana leo tuliuimba mwanzoni. Hakuna tena wimbo wa kutangulia kutoka. Kaa kidogo. Na kama unasikia harufu ya siki, usimtazame jirani yako. Inuka uje.