Hondohondo Aliyemjengea Mama Yake Ukuta

Paukwa.

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mlionyimwa chakula? Paukwa tena.

Pakawa!

Haya. Mikono ipukuchue mahindi, masikio nipeni mimi.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa bado wakijuliana hali kila asubuhi, Hondohondo aliishi na mama yake juu ya mkuyu, kando ya mto. Mama alikuwa amezeeka. Macho yameingia ukungu, bawa moja halikunjuki. Lakini kila kukicha alipaza sauti, "Hoo, hoo, amkeni," na bonde zima likaamka.

Ukaja ukame. Matunda ya karibu yakaisha, ikambidi Hondohondo aruke hadi ng'ambo ya vilima kutafuta chakula. Siku moja aliporudi, alimkuta nyoka amejizungusha kwenye tawi la mama yake. Mama hakumwona. Alikuwa anajiimbia zake.

Hondohondo alimfukuza yule nyoka, lakini tangu hapo moyo haukutulia. Akawaza, "Nani atanitunzia mama nikiwa mbali?"

Akaenda kwa Paka-pori.

"Mlete, dada, mlete," Paka-pori alisema, sauti laini. "Kwangu kuna joto. Wazee nawapenda sana."

Hondohondo akachungulia ndani. Kweli kulikuwa na joto, na sakafu ilikuwa imetandikwa manyoya. Ya njiwa, ya kwale, ya chozi. Akaaga haraka.

Akaenda kwa Kobe.

"Mjukuu wangu, nisikudanganye," Kobe alisema. "Nampenda mama yako. Lakini mimi sipandi mti, na nikisikia hatari naingiza kichwa ndani. Nitamsaidia vipi?"

Hondohondo akamshukuru. Anayekuambia ukweli amekupunguzia safari.

Akaenda kwa Ngedere.

"Sisi tuko wengi, mama yako hatakosa mtu," Ngedere alisema, huku watoto wake wakirushiana ndizi. Pembeni alikaa bibi yao, mkono ameunyoosha. Ndizi zilimpita juu ya kichwa, zikaenda, zikarudi. Hakuna aliyemtazama. Hondohondo alimtafutia ndizi moja, akampa, akaondoka na huzuni.

Sasa akakumbuka desturi ya kwao. Mnajua hondohondo hulea vipi? Mama huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mdogo wa kupitishia chakula. Nyoka hapiti, paka hapiti.

"Nilikuwa nahangaika bure," alisema.

Akamwingiza mama yake tunduni. Akabeba tope la mtoni, akaziba. Akabeba tena, akaziba. Akabeba tena, akaziba, mpaka ukabaki ufa. Kisha akaruka zake ng'ambo ya vilima, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kutazama nyuma.

Kesho yake, bonde halikuamshwa. Watu walilala mpaka jua likawachoma.

Hondohondo akaleta matunda ya mkuyu. Mama akasema, "Asante, mwanangu," asile. Akaleta zambarau. "Asante, mwanangu." Asile. Akaleta panzi wanono, wale mama aliokuwa akiwagombania. "Asante, mwanangu," na sauti ilikuwa ndogo, ikitoka mbali.

Hondohondo akaogopa. Mama hakuumwa na nyoka, hakuguswa na paka, na bado alikuwa anamfia mkononi. Akasogeza jicho kwenye ufa.

"Mama, unataka nini?"

Mama akasogea kwenye ufa. "Umekwenda kwa Paka-pori, kwa Kobe, kwa Ngedere. Umewauliza wote. Mimi ndio kwanza unaniuliza leo."



"Nilipokulea wewe humu," mama aliendelea, "baba yako alileta tope, lakini ukuta niliujenga mimi. Kwa mdomo wangu, kutoka ndani. Nilijua siku utakapoota manyoya nitaubomoa. Huu umeujenga wewe, kutoka nje. Niambie, mwanangu, mimi humu nangojea nini?"

Hondohondo alilia. Akalia huku akigonga ule udongo kwa mdomo wake, akagonga, akagonga, mpaka ukaanguka wote na jua likamwangukia mama usoni.

"Nipeleke chini kidogo," mama alisema. "Lile tawi lililo karibu na tundu hili, pale kanga wanapolala. Kanga wana kelele, lakini wanaona kila kitu. Wakipiga yowe, nitaingia tunduni mwenyewe. Hatari ikipita, nitatoka mwenyewe."

Kanga wakakubali bila kuombwa mara mbili. Hondohondo alipoleta matunda, mama alikula na mengine akawadondoshea vifaranga wao, akiwapa na hadithi.

Siku moja Paka-pori akaja ananyata. Kanga mmoja akamwona, wote wakapiga yowe. Mama akapapasa tawi, akaingia tunduni, akajaza mlango kwa lile domo lake kubwa. Paka-pori alipoleta pua, alidonolewa vya kutosha. Akaenda zake akichechemea, ingawa iliyodonolewa ni pua, si mguu. Aibu nayo huchechemeza.

Na asubuhi yake, "Hoo, hoo, amkeni." Bonde likaamka. Ng'ambo ya vilima, Hondohondo alisikia, akaendelea kuchuma.

Wanangu, nanyi mtakuwa na wazee. Watafutieni mahali salama, na mchungulie ndani kabla hamjawaacha. Lakini kwanza kaeni nao, muwaulize wenyewe wanataka kuishi vipi. Usalama usio na mlango ni kifungo.

Hadithi yangu nimeitua hapo, juu ya tawi lile. Ikiwafaa, ibebeni mwende nayo kwa mama zenu. Isipowafaa, niachieni mimi, nami nizeeke nayo.