Siku Kiboko Alipocheza kwa Ridhaa

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo Fisi alikuwa bado anaaminiwa, wanyama walikuwa na chuo. Naam, chuo kizima, chenye bweni, bwalo na kengele. Kiliitwa Chuo cha Bondeni. Msiniulize walisoma nini, wajukuu zangu, maana hata wao hawakuwa na hakika. Kilichojulikana pale ni kitu kimoja tu: mpira.

Mkuu wa chuo alikuwa Kiboko. Mlezi wa michezo alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi! Mnacheka nini? Sikumteua mimi.

Wachezaji wenyewe walikuwa wadogo wadogo. Winga alikuwa Digidigi, mwenye miguu kama njiti za kiberiti na akili isiyotulia. Beki alikuwa Ngiri, mfupi, mgumu, asiyemwogopa mtu. Hawa wawili walilala chumba kimoja na kula sahani moja, na Digidigi hakuwa na rafiki mwingine duniani.

Siku ya mechi wanyama walifurika kutoka kila pembe. Fisi alisimama getini kupokea viingilio, na kiingilio kilikuwa tikiti. Si tikiti ya karatasi! Tikiti lenyewe, lile la kuliwa, kijani nje na jekundu ndani. Kila kichwa tikiti moja, na yote yakibingirishwa moja kwa moja hadi ghalani kwa Mkuu.

Kiboko alikula matikiti asubuhi, akala mchana, na katikati hapo akala ili asisahau. Fisi alipata mgawo wake. Kocha alipata wake. Hata aliyepaka chokaa uwanjani aliondoka na moja kwapani.

Na wachezaji je? Ah, wachezaji walipigiwa makofi. Pa-pa-pa-pa! Makofi mengi kweli kweli. Kisha walirudi bwalo kula maharage yenye wadudu, wakaambiwa washukuru, kwani chuo gani kingine kinatia nyama kwenye maharage?

Basi, ikafika nusu fainali. Mpira ukiwa unaelekea golini, Ngiri akajitupa mzima mzima kuuzuia. Puu! Mpira ukatoka. Lakini mguu wake nao ukalia, kwaa!

"Mama wee!" Ngiri akapiga kelele. "Mguu wangu!"

"Hongera!" akapiga kelele Fisi kutoka jukwaani. "Tumeingia fainali!"

Digidigi alimkokota rafiki yake hadi kwa Mzee Nungunungu, fundi wa kuunga mifupa. Mzee akaubonyeza mguu hapa na pale, akatikisa kichwa, miiba yote ikafanya chakacha chakacha.

"Umevunjika mahali pawili," akasema. "Nikiuunga ndani ya siku saba, atakimbia kama zamani. Siku saba zikipita, mfupa utajiunga wenyewe kombo, naye atachechemea mpaka kaburini. Ujira wangu ni matikiti kumi."

"Mzee, tutayatoa wapi matikiti kumi?"

"Chuo chenu kina ghala limejaa, mwanangu. Kwani huyu kaumia akinichezea mimi?"

Kesho yake Fisi akaja bwenini, uso umejaa huruma. Huruma ya Fisi mnaijua.

"Pole sana, Ngiri. Pole mno. Sasa, hicho kitanda tunakihitaji. Kitanda ni cha mchezaji, na wewe kwa sasa ni, tuseme, mtazamaji. Lakini hatukukusahau! Tumekuletea cheti cha shukrani."

Kilikuwa cheti kizuri, kina muhuri mwekundu. Ngiri alijaribu kuufungia mguu wake kwa kile cheti, kikachanika.

Digidigi akaondoka mbio, tiki-tiki-tiki, hadi ofisini kwa Mkuu, Fisi nyuma yake.

"Hodi!"

"Karibu! Ingia, ila usikanyage maganda."

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, winga wetu, fahari yetu, mboni ya macho yetu! Una shida gani?"

"Nimekuja kwa ajili ya Ngiri, Mkuu. Mguu wake unahitaji matikiti kumi."

Kiboko akaacha kutafuna. Jambo hilo halikuwahi kuonekana pale chuoni.

"Matikiti? Umesema matikiti? Fisi, hebu funga mlango, watu wasisikie aibu hii!" Kisha akashusha sauti, akawa mpole kama shemeji anayeomba mkopo. "Mwanangu Digidigi, ninyi ni wachezaji wa nini?"

"Wa mpira, Mkuu."

"Wa ridhaa! Ninyi ni wachezaji wa ridhaa! Unajua ridhaa ni nini?"

"Nifundishe, Mkuu. Si hapa ni chuoni?"

"Ridhaa ni kucheza kwa kupenda mwenyewe. Hakuna anayekulazimisha, hakuna anayekulipa. Ni moyo tu! Ukimpa mchezaji wa ridhaa hata kipande cha tikiti, umemtukana. Umeuchafua moyo wake! Na mimi ninavyowapenda vijana wangu, jamani, niwatukane vipi?"

Akajifuta shavu. Sijui kama lile lilikuwa chozi au maji ya tikiti.

"Kweli kabisa," akadakia Fisi mlangoni. "Tusi kubwa hilo."

Digidigi alikasirika. Alikasirika hadi kwato zikamwasha, na alitamani kuipiga teke ile meza na kila kilichokuwa juu yake. Nawaambieni haya kwa sababu mngemwona usoni msingejua. Alikuwa anatabasamu.

"Maneno mazito hayo, Mkuu," akasema. "Na kama wewe ndiye ungekuwa mchezaji?"

"Mimi? Ha! Ningecheza bure!"

"Hata juani?"

"Jua la utosi!"

"Bila maji?"

"Bila hata tone! Bila tikiti, bila tone, mpaka refa mwenyewe achoke!"

"Lo! Lo! Lo!" Digidigi akajishika kichwa. "Mkuu, maneno kama haya yabaki humu ndani na maganda? Siku ya fainali Simba atakuwa mgeni rasmi. Yaseme mbele yake, ajue chuo hiki kina kiongozi wa namna gani."

Kiboko akalifikiria jambo hilo. Akajiona amesimama jukwaani, Simba anamtazama, umati unanguruma. Akavimba. Na Kiboko akivimba, watoto, ofisi huwa ndogo.

"Fisi," akasema, "andika hayo. Yote. Usisahau lile la tone."

Fainali iliangukia siku ya sita. Jua lilikuwa kali, la kukaanga yai juu ya jiwe. Wanyama walijaa hadi juu ya viota. Matikiti yalibingirika getini tangu alfajiri, gudu-gudu-gudu, mpaka ghala likashindwa kufunga mlango. Wageni walikuwa tumbili wa Chuo cha Ng'ambo, mabingwa wa mwaka uliopita. Ngiri aliletwa kwa toroli, akawekwa pembeni mwa uwanja, mguu umevimba kama mhogo.

Kiboko akapanda jukwaani, akakohoa.

"Mheshimiwa Simba! Wachezaji wetu wote ni wa ridhaa! Wanacheza kwa kupenda wenyewe, hakuna anayelazimishwa! Kumpa mchezaji kitu ni kumtukana, na anayemtukana mchezaji katika chuo changu atanitambua! Na mimi mwenyewe," hapo akajipiga kifua, bum bum, "ningecheza bure, jua la utosi, bila tikiti, bila hata tone la maji, mpaka refa achoke!"

Pa-pa-pa-pa! Umati ukalipuka. Simba akainamisha kichwa kwa heshima. Kiboko akakaa, jukwaa likalia ng'wii.

Refa Korongo akapuliza kipenga. Piiii!

Tumbili wakasimama tayari. Wachezaji wa Bondeni nao wakaketi chini. Kumi na mmoja wote, tii, kama wageni msibani.

Piiii! Piiii!

"Ala!" akasema Korongo. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Bwana Refa," akajibu Digidigi. "Sisi ni wachezaji wa ridhaa, na leo ridhaa haipo."

"Iko wapi?"

"Ile pale kwenye toroli. Imevunjika mguu."

Fisi akaja mbio, ulimi nje. "Simameni! Simameni upesi! Nitawafukuza timu nzima!"

"Utufukuze ili tusicheze?" akauliza Digidigi. "Bwana Mlezi, si ndiyo tumeshaanza kutocheza? Au unataka kutulazimisha? Mkuu amesema sasa hivi hakuna anayelazimishwa. Mkuu ni mwongo?"

Fisi akageuka kumtazama Mkuu jukwaani.

Umati ukaanza kuchemka. "Mpira! Mpira! Mpira au matikiti yetu!"

Kiboko akasikia neno "matikiti yetu", moyo ukamruka. Akainuka kutaka kusema jambo, lakini Digidigi alikwishasimama mbele ya Simba.

"Mheshimiwa, tusiwanyime watu mchezo. Sisi mapenzi yetu ni madogo, yanakwisha rafiki akivunjika mguu. Lakini yupo mwenye mapenzi makubwa. Amejitaja mwenyewe, kwa kinywa chake, wala hatujamlazimisha."

Uwanja mzima ukamgeukia Kiboko.

"Mimi?" Kiboko akacheka, he-he. "Ah! Ule ulikuwa mfano tu."

"Ulijipiga kifua," akasema Simba. "Cheza."

Basi mngemwona! Jezi ilimwingia mguu mmoja tu. Fisi naye akasukumwa uwanjani, kwa sababu alisema lile ni tusi kubwa, na mwenye kuchukia tusi hawezi kukaa jukwaani. Wawili hao dhidi ya tumbili kumi na mmoja.

Piiii!

Tumbili wakapiga bao la kwanza. La pili likapita chini ya tumbo la Kiboko. La tatu likapita juu ya mgongo. Fisi aliukimbilia mpira akapishana nao njiani. La sita, la saba. Ngiri kwenye toroli alicheka hadi akasahau maumivu, kisha akakumbuka, kisha akacheka tena.

Lakini Kiboko hakuwa anacheka. Ninyi mnajua Kiboko akikaa juani anakuwaje. Ngozi ilianza kukauka, ikavuta, ikapasuka kidogo shingoni. Akawa anahema kama mivukuto ya mhunzi, fuu, fuu, fuu.

"Maji!" akasema.

Hakuna aliyejongea.

"Maji, jamani! Fisi, nenda ghalani, niletee tikiti!"

Fisi akatazama ghala, akamtazama Simba, akatazama makucha yake.

Digidigi akasogea, sauti tamu kama asali ya mwaka mzima. "Pole, Mkuu. Ningekuletea mbio. Lakini wewe sasa ni mchezaji wa ridhaa, na kumpa mchezaji wa ridhaa tikiti ni kumtukana. Nani hapa atathubutu kumtukana Mkuu wa chuo mbele ya Mheshimiwa Simba?"

"Hata tone?" Kiboko akalia.

"Tone ulilitaja kwa jina, Mkuu. Limeandikwa. Fisi aliandika."

La tisa likaingia. Kiboko hakuligeukia hata kulitazama. Alipiga magoti, tifu, vumbi likapanda mpaka jukwaani.

"Nitukaneni!" akapiga kelele.

"Unasema, Mkuu?"

"Nimesema nitukaneni! Haraka! Nitukaneni tikiti zima!"

Uwanja ukaangua kicheko. Hata Simba aligeuza uso akajifanya anakohoa.

"Mkuu wetu amekubali kutukanwa," akasema Digidigi, na safari hii hakutabasamu. "Na Ngiri je? Tumtukane?"

"Mtukaneni!"

"Kiasi gani?"

"Matikiti kumi! Kumi na mawili! Na kitanda arudishiwe, mnitukane basi!"

"Na sisi tuliobaki, tunaocheza kila wiki juani?"

"Tukaneni wote! Tukaneni kila mechi!"

"Nimesikia," akasema Simba. "Limekuwa neno la Mkuu."

Digidigi akaenda mwenyewe ghalani, akabingirisha tikiti, gudu-gudu-gudu, akalipasua kwa kwato. Chaa! Kiboko akazamisha uso mzima ndani, na kwa mara ya kwanza maishani akala tikiti alilolitolea jasho. Wanasema alishangaa lilivyokuwa tamu.

Matikiti kumi yakapelekwa kwa Mzee Nungunungu jioni ileile, ikiwa imebaki siku moja tu. Mguu ukaungwa. Msimu uliofuata Ngiri alikuwa uwanjani, akijitupa mzima mzima kama kawaida yake, maana wengine hawajifunzi.

Na tangu hapo, kila baada ya mechi, wachezaji wa Bondeni hupanga mstari mbele ya ghala wakisubiri kutukanwa. Hata wale tumbili wa Ng'ambo waliposikia, walirudi kwao wakamwambia mkuu wao kwamba wamechoka na heshima, nao wanataka matusi.

Kiboko mpaka leo husimulia kwamba wazo lilikuwa lake. Na ikaundwa Kamati ya Matusi ya kusimamia mambo hayo. Mwenyekiti? Ah, mnamjua, Fisi yuleyule. Lakini siku za kugawa matikiti Digidigi humsimamisha mbele ya mstari, ambapo kila mtu anaiona mikono yake.

Haya, nendeni mkacheze, hadithi nimeitua hapa. Ila mtu akiwasifia sana uzuri wa kazi ya bure, kwanza mtazameni mdomoni kama hatafuni kitu.