Chipu Iliyofutwa Jina

Palikuwa na sultani huko Shangoni, jina lake Badru, aliyependa mashine moja kuliko mawaziri wake wote. Ilikuwa mashine ya gemu ya zamani, kubwa kama kabati, ya kutungua ndege kwenye kioo. Baba yake alimnunulia akiwa na miaka tisa. Siku moja ikagoma.

Sultani akatoa amri. Fundi yeyote atakayeitwa ataje kwanza jina la kila chipu iliyomo kwenye bodi ya umeme ya mashine hiyo. Akikosea moja, ananyang'anywa vyombo vyake na hashiki tena solda ya kulehemu maishani.

Chipu zilikuwa sitini na mbili. Sitini na moja zilikuwa na maandishi mgongoni. Moja, iliyokaa katikati kabisa, ilikwanguliwa jina tangu kiwandani. Mafundi watatu walibahatisha. Sultani akasema, "Siyo." Vyombo vyao vikatupwa stoo ya jumba, nao wakabaki nyumbani wakitazamana na wake zao.

Mmoja wao alikuwa Makame. Dada yake, Bi Mize, alitengeneza redio sokoni, na mdomo wake ulishamfanya afukuzwe kwenye karakana mbili. Akaenda mwenyewe bila kuitwa.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Taja."

Akataja sitini na moja bila kupumua. Akafika ile ya katikati, akaishia hapo.

"Na hiyo?" Sultani aliuliza.

"Mtukufu, nikikutajia, utajuaje kama nimekosea?"

"Nitajua tu."

"Kumbe jina unalijua! Sasa fundi wa nini?"

Waziri mmoja akakohoa. Sultani akaona aibu mbele ya baraza lake.

"Haya, itengeneze kwanza. Ikiwaka, vyombo vya wote vitarudi. Isipowaka, na vyako vinabaki."

"Umesema mbele ya watu, Mtukufu."

"Nimesema."

Bi Mize akatoa mita yake, akapima miguu ya ile chipu mmoja mmoja. Kisha akaing'oa. Akalehemu kipande cha waya mahali pake, akawasha umeme. Kioo kikajaa ndege, na muziki ukapiga.

Sultani akaruka kutoka kitini kama mtoto. Akatungua ndege kumi na moja ndipo akakumbuka cheo chake. Akaamuru stoo ifunguliwe. Makame na wenzake wakaitwa, wakabeba vyombo vyao.

Lakini kitu kilimkera Sultani.

"Chipu umeitoa, na mashine inakwenda. Kazi yake ilikuwa nini?"

"Kutoa idhini, Mtukufu. Zile nyingine zote zinajua kazi zao, ila haziruhusiwi kuanza mpaka hii iseme ndiyo."

"Kwa hiyo iliharibika?"

"Ilikufa. Nazo zikawa bado zinaingoja."

"Na jina nani alilifuta?"

"Aliyeitengeneza. Hakutaka ijulikane, isije ikapatikana nyingine ya kukaa mahali pake."

Sultani akaigeuza chipu kiganjani. Waziri alikuwa anatazama dari.

"Lakini nyinyi mafundi hamkosi jina la kuiita."

"Tunalo, Mtukufu," alisema Bi Mize, akifunga mkoba wake. "Ila humu ukumbini lina mwenyewe, naye ndiye ninayemwomba ruhusa ya kuondoka."