Pete ya Tulinagwe

"Pete ya fundi hukaa msumarini." Mmeisikia jana kwenye kikao cha mahari, mkaangaliana, na leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Imetoka hapa hapa Tukuyu, kwenye karakana ya useremala, na aliyeitamka kwanza hakuwa fundi.

Tulinagwe alikuwa fundi pale, katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa, na ndiye aliyekabidhiwa msumeno wa umeme wa kukatia pembe za mbao. Kabla ya kuusogelea alikuwa na utaratibu wake: anakaza kitambaa cha kichwa, anakunja mikono ya shati, anavaa miwani ya kazi, na pete ya ndoa anaitundika kwenye msumari ulio kando ya mlango. Mashine inayozunguka ikiinasa pete, inaondoka nayo pamoja na kidole. Lakini midomo ya watu haina kufuli. Sokoni ikavuma kwamba mke wa Anyosisye akifika kwa wanaume huvua pete, jioni ndipo huivaa. Maneno yakamfikia mama mkwe, naye akayaweka moyoni akisubiri siku yake.

Siku ikaja na msiba. Kaka yake mama huyo alifariki, jeneza likaagizwa pale karakana, na maziko yakapangwa saa nane. Asubuhi mama akaja mwenyewe kulifuata. Akakuta zimebaki mbao za kuzungushia kifuniko, na Tulinagwe yuko mbele ya msumeno, kidole kitupu.

"Kumbe ni kweli," akasema mama. "Mkamwana, vaa pete ya mwanangu ndipo ukate."

"Mama, nikiivaa sikati."

"Watu wanasubiri kumzika ndugu yangu, nawe unanibishia?"

Tulinagwe aliogopa. Alijua maziko yakichelewa kwa ajili yake, ukoo mzima utamgeuka, na ndoa yenyewe huenda isifike mavuno. Kuivaa kwa mbao mbili tatu lingekuwa jambo jepesi. Akayatazama yale meno ya msumeno, akaondoa mkono kwenye swichi.

"Samahani, mama. Wewe una mashine ya kusaga mahindi. Mbona ukiiwasha unavua kitenge cha begani?"

"Kwa sababu ya mkanda. Ukikidaka kitenge, utanivuta nacho."

"Na kitenge hicho alikununulia baba. Ukikivua, unakuwa umemkana?"

 Mama akaenda mpaka kwenye msumari, akaitungua pete. Tulinagwe akadhani inarudishwa kwa mumewe na ndoa imeishia hapo.

"Kata," akasema mama, pete ikiwa kiganjani mwake.

Tulinagwe akauegemeza ubao kwenye ukingo wa mashine, akaubana kwa klampu, akaweka mkono wake mbali. Akawasha, akasubiri msumeno ushike mwendo, ndipo akaushusha taratibu. Jua lilikuwa linapanda na watu wanasubiri, lakini kila ubao aliukata hivyo hivyo, bila kuruka hatua hata moja. Alipoachia swichi kwa mara ya mwisho, mama akaanza kumsogelea.

"Simama hapo, mama. Msumeno bado unazunguka."

Mama akasimama, yeye ambaye hakuna mkwe aliyewahi kumwamrisha. Msumeno ulipotulia kabisa ndipo akaja, akaushika mkono wa mkamwana wake, akaugeuza huku na huku, akavikagua vidole kimoja kimoja kama mkunga anavyomkagua mtoto. Kisha akamvisha pete mwenyewe.

Maziko yalifanyika kwa wakati wake. Jioni matangani, shangazi mmoja akaanza yale ya sokoni, eti kuna wakwe ambao pete haiwakai. Wanawake wakainamisha vichwa wasikose neno. Tulinagwe alikuwa akigawa chai, akahisi birika linamwelemea.

Mama Anyosisye hakupandisha sauti.

"Mwanangu alimpa pete aivae kidoleni," akasema. "Kidole kikikatika, ataivaa wapi? Nimesimama pale karakana nimeona kwa macho yangu. Pete ya fundi hukaa msumarini."